Saa ya Kuchora Katika Masomo ya Sekondari

Katika koleji zetu nyingi saa ya kuchora inahesabiwa kuwa saa ya mapumziko. Mwalimu anachora chungu ubaoni, wanafunzi wanakiiga, na yule anayekaribia zaidi chungu cha mwalimu ndiye anayepata pointi nyingi. Mwalimu wa hesabu akiomba saa moja zaidi, anapewa ile ya kuchora. Wengine wataona kwamba jambo hili ni dogo. Sisi twasema si dogo, kwa maana mtoto aliyezoezwa miaka mingi kuiga ubao anazoea kutotazama kitu chenyewe. Kesho atakuwa mwalimu, katekista ao padri, na ndiye atakayechagua sanamu za kutundika mbele ya watu.

Wako wanaojibu: basi, tuwaache watoto wachore wapendavyo, mwalimu asiwaingilie. Nao wanatuonyesha mfano wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua pale karakana iliyoitwa Hangar. Hakutaka kuwatia wanafunzi wake kanuni za shule za Ulaya. Alitaka watafute sanamu zao katika maumbile na katika kumbukumbu zao wenyewe. Matunda yake yanajulikana. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijenga sanamu nzima kwa mistari mifupi inayopishana. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka kwa uvumilivu mkubwa. Watu watatu katika karakana moja, na kila mmoja ana mkono wake. Mwalimu ambaye wanafunzi wake hawafanani ametenda kazi njema, nasi twamsifu.

Lakini tupime vizuri kabla ya kuufanya mfano huu kuwa sheria.

Kwanza, Pilipili alizaliwa mwaka 1914. Hangar ilipofunguliwa alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 30, na macho yake yalikuwa yamekwisha kuweka akiba kubwa. Mwanafunzi wa miaka 14 anayeambiwa «chora upendavyo» hachori anachokipenda. Anachora kile alichokwisha kukiona kimechorwa na wengine: ua, bendera, nyumba yenye paa la pembe tatu. Uhuru bila mazoezi ya macho unamrudisha katika uigaji uleule, hata kama ubao umeondolewa.

Pili, sanamu za Hangar zinazojulikana zaidi zinatuonyesha mto, pori na mawindo. Mji wa shaba uliokuwa nje ya mlango, pamoja na viwanda na wafanyakazi wake, hauonekani sana ndani yake. Yafaa kuuliza kama uhuru ule haukuwa na mipaka isiyotajwa. Miaka ya 1973 na 1974, katika mji uleule, Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi yetu katika sanamu zaidi ya 100, na Lumumba yumo. Mkono wake si laini kama mkono wa Pilipili, lakini alikuwa na neno la kusema, na watu walilielewa.

Basi twawaomba walimu mambo matatu, kwa utaratibu huu.

La kwanza ni kutazama. Mwalimu alete kitu chenyewe darasani: kibuyu, kikapu, jembe lililochakaa. Kila mwanafunzi akichore kutoka mahali anapokaa. Kama sanamu 40 zinafanana, hawakutazama, kwani hakuna wawili wanaokiona kitu kutoka mahali pamoja.

La pili ni kupima. Wachongaji wa zamani wa Waluba walichonga viti vinavyobebwa na sanamu ya mwanamke. Mara nyingi kichwa ni kikubwa na miguu ni mifupi, kuliko mwili wa kweli. Wako walioyaita hayo makosa ya watu wasiosoma. Sivyo: mchongaji alijua anachokikuza na anachokipunguza. Lakini ili mtoto aweze kuchagua vilevile, yafaa ajue kwanza kipimo cha kweli. Asiyejua kipimo hachagui, anakosea tu.

La tatu ni kusema. Mwanafunzi apewe nafasi ya kuchora jambo aliloliona mwenyewe, sokoni, mgodini ao kanisani, na aeleze mbele ya wenzake sababu ya kulichora hivyo.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulitangaza kwamba Kanisa halikujitwalia namna moja ya sanaa kuwa yake peke yake, tena uliagiza waseminari wafundishwe historia ya sanaa takatifu wakati wa filosofia na teolojia. Agizo hili ni jema, lakini semineri kubwa haiwezi kulima shamba ambalo semineri ndogo na koleji zimeliacha pori. Kijana anayefika filosofia bila kupata hata mara moja kuchora uso wa jirani yake atajifunza majina na miaka, kisha ataagiza sanamu ya plasta iliyo sawa na ile ya parokia ya pili.

Tunawasihi wakubwa wa masomo wasiinyang'anye saa hii, na walimu wasitoe pointi kwa anayeiga vizuri kuliko wote. Wampe pointi yule aliyeona kitu ambacho wenzake hawakukiona, hata kama mkono wake ungali unatetemeka. Mkono utazoea kwa kazi. Macho yasiyofundishwa mapema ni shida kuyafundisha baadaye.