Boga la Kombani na Taa ya Usiku Mmoja

Pale Kombani, barabara ya kutoka Likoni inapogawanyika, moja ikiendelea Ukunda na nyingine ikipanda Kwale mjini, boga lina kazi moja tu: kupikwa. Hukatwa vipande, likatiwa tui, likaandamana na muhogo na viazi vitamu kwenye futari. Mwisho wa Oktoba boga hilohilo hutafutwa kwa kazi nyingine huko kusini. Baa na hoteli za Diani huandaa sherehe za Halloween usiku wa tarehe 31, na mpambaji aliyepewa kazi huja sokoni na picha kwenye simu yake: boga la Marekani, la rangi ya machungwa, tupu ndani, macho ya pembetatu na meno yaliyopanguka. Akianza kulichonga boga la Kombani kwa kufuata picha hiyo, kazi humshinda kabla ya kufika jicho la pili.

Boga la kwenye simu lilizalishwa lichongwe. Aina maarufu zaidi ya taa za Halloween huko Marekani inaitwa Howden, na jina hilo ni la mkulima John Howden wa Massachusetts aliyeiendeleza katika miaka ya 1960. Alitaka tunda lenye umbo zuri, kikonyo imara cha kushikia na uwazi mkubwa ndani. Ladha haikuwa hoja, na kweli halina ladha. Maboga mengi ya pwani yetu ni ya ukoo mwingine, Cucurbita moschata. Ganda lake ni la kijani chenye madoa au rangi ya udongo mkavu, kikonyo chake kigumu hupanuka kinapogusa tunda, na nyama yake ni nene, iliyoshikana, yenye sukari. Vizazi vya wakulima viliteua mbegu kwa kufuata sufuria. Mwenye kutoboa jicho hapo hana budi kupita nyama ya vidole viwili au zaidi, na akifaulu, tundu huwa refu kama bomba: taa ya ndani haionekani mpaka mtazamaji asimame sawasawa mbele yake.

Ajabu ni kwamba boga hili la kwetu liko karibu na taa ya asili ya Halloween kuliko hilo la Marekani. Waayalandi walioanzisha desturi hiyo hawakuwa na maboga. Maboga ni zao la mabara ya Amerika. Wao walichonga tanipu, mzizi mgumu usio na uwazi wowote, wakaupekecha ndani kwa kijiko mpaka mshumaa ukapata pa kukaa. Makumbusho ya Taifa ya Ayalandi yana kielelezo cha plasta cha tanipu moja ya namna hiyo kutoka Fintown, wilaya ya Donegal, chenye uso mbaya kuliko boga lolote: macho yaliyozama, pua iliyobonyea, meno machache. Ubaya ule umetoka kwenye ugumu wa tanipu. Mchongaji hakuweza kutoboa sana, basi akakwangua, akabonyeza, akaacha vivuli vifanye kazi.

Huko ndiko mpambaji wa Diani anakopaswa kuanzia. Boga nene lichongwe kwa kina tofauti badala ya kutobolewa moja kwa moja.

Kwanza, tundu la kuingizia kijiko lisikatwe juu. Likatwe chini, penye kitako. Kikonyo kikibaki mahali pake boga hubaki na nguvu yake, na taa huwekwa mezani kisha boga likafunikwa juu yake, hapana haja ya mkono kuingia na kutoka. Mbegu na nyuzinyuzi zikishatolewa, upande mmoja tu ndio hupunguzwa unene kwa ndani, ule utakaotazama watu. Kijiko cha chuma kilichonolewa ukingo kwa tupa hufanya kazi hii vizuri kuliko kisu, kwa sababu hufuata mviringo. Unene unaofaa ni kama sentimita mbili na nusu. Mchongaji anaweza kuupima kwa pini: aichome kutoka nje mpaka ncha itokeze ndani, kisha atazame imezama kiasi gani.

Kisha huja viwango vitatu. Ganda likiachwa zima halipitishi mwanga hata kidogo, na usiku huonekana jeusi. Ganda likimenywa na nyama kukwanguliwa kiasi, mwanga hupenya ukawa wa rangi ya asali, na kadiri nyama inavyopungua ndivyo unavyong'aa. Penye tundu kamili mwanga ni mweupe. Kwa weusi huo, asali na weupe, mtu anaweza kuchora karibu chochote. Mistari huchongwa kwa mikato miwili ya mlazo inayokutana chini, kisha kijisehemu chembamba cha nyama huinuliwa kwa ncha ya kisu. Boga la moschata likikatwa hivyo hutoa matone ya utomvu kwenye jeraha, na baada ya dakika chache utomvu huo hukauka vidoleni ukaivuta ngozi kama gundi. Kitambaa chenye maji kiwe karibu, la sivyo kisu huteleza.

Wapishi wa hoteli za Diani wameizoea nusu ya kazi hii bila kuiita Halloween. Tikitimaji linalochongwa waridi na kuwekwa katikati ya meza ya bufee hufuata kanuni ileile: kijani cha ganda, weupe unaofuata, halafu wekundu wa ndani, na kisu kifupi chembamba ndicho huamua rangi ipi ijitokeze. Mpishi wa namna hiyo akipewa boga la Kombani na taa ndogo, hahitaji kufundishwa zaidi ya jambo moja, kwamba rangi zake sasa zitatoka kwenye mwanga.

Wanaotaka kwenda mbali zaidi wamtazame Ray Villafane, Mmarekani aliyeacha kabisa habari ya mshumaa. Yeye huchonga nyuso za watu kwenye boga kama mfinyanzi, mikunjo ya paji, mashavu, midomo, kwa kutumia vyuma vya pete vya kazi ya udongo. Mwaka 2011 alichonga katika Bustani ya Mimea ya New York boga lililokuwa zito kuliko yote duniani wakati huo, la ratili 1,818.5, yaani kilo 825 hivi, lililokuzwa Quebec. Ushauri wake kwa wanunuzi ni kinyume cha alichotaka Howden: chagua boga zito kwa ukubwa wake, kwa maana uzito ni dalili ya nyama nene, na bila nyama hakuna pua ya kuchonga. Kwa kipimo hicho, mama wa Kombani anayepanga maboga yake chini anauza bidhaa ya daraja la kwanza.

Sasa achongwe nani, au nini? Sura za mazimwi na mafuvu zina wenyewe, lakini hapa Kwale zina uzito mwingine. Wadigo wengi ni Waislamu, makanisa nayo hayakosi mahubiri ya kuionya Halloween, na habari za mapepo si mzaha kwa kila mhudumu atakayeombwa kulibeba boga hilo kutoka jikoni hadi ufukweni. Mpambaji mwerevu hupata kazi nzuri zaidi nje ya mazimwi.

Leso, kwa mfano. Muundo wake una pindo linalozunguka, mji katikati, na jina, ule ujumbe wa maneno. Muundo huo hukaa kwenye tumbo la boga kana kwamba ulibuniwa kwa ajili yake. Pindo huwa mikanda miwili, juu na chini, ya pembetatu ndogo zilizochongwa kwa mikato ya mlazo bila kutoboa. Mji huwa korosho tatu kubwa, umbo ambalo mtu wa Msambweni hahitaji kuelezwa, zilizomenywa ganda na kukwanguliwa mpaka zing'ae. Jina ndilo lenye mtego. Herufi kama a, o, d na b zina tumbo lililofungwa, na zikitobolewa moja kwa moja tumbo hilo huanguka ndani likaacha shimo. Kiswahili kina a na o kila mahali. Kwa hiyo maandishi yachongwe juu juu tu, yakiwa ya asali juu ya weusi, na matundu kamili yabaki kwa vitone vinavyozunguka korosho.

Nakshi za milango ya Lamu na Mombasa nazo hufaa kwa sababu hiyohiyo: mafundi wake walifanya kazi kwa kina kifupi juu ya mbao ngumu, wakitegemea kivuli. Mchoro huhamishwa kwa karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, ukachomwa pini kila nusu sentimita, kisha vumbi la mkaa likasuguliwa juu ya vitundu. Mahali pa kuanzia ni kwenye vitu vidogo vilivyo katikati. Ukianza na tundu kubwa, ukuta hudhoofika na vidogo huvunjika.

Baada ya hapo adui ni hewa. Boga lina maji zaidi ya sehemu nane katika kumi, na ganda lake ndilo linaloyazuia yasitoke na ukungu usiingie. Likichongwa, ulinzi umekwisha. Huko Marekani, kwenye baridi ya Oktoba, taa huweza kudumu wiki. Joto la Diani likikaribia nyuzi 30 na unyevu wa bahari ukawa juu, kingo huanza kujikunja kwa ndani mapema, ukungu ukafuata, na nzi hawaalikwi. Wengi hulichovya boga kwenye maji yenye jiki kidogo na kupaka vaselini kwenye mikato. Husaidia, ila kuanzia hapo boga si chakula tena, wala halifai kutupiwa ng'ombe. Safu hii inapendekeza njia nyepesi: lichongwe tarehe 30 jioni, lifungwe kwa kitambaa chenye maji, lilale ndani ya friji ya jikoni hadi saa ya sherehe. Nyama iliyokwanguliwa iende kwenye tui usiku uleule. Kulitupa boga zima la kuliwa kwa ajili ya picha, katika kaunti inayojua njaa ya kiangazi, ni jambo la aibu.

Nje ya friji kuna wageni wengine. Diani ni mahali pa kima, tumbili na nyani, na anayeacha tunda lililokatwa kwenye baraza ameandaa karamu. Mbega pekee, wale weusi wenye mabega meupe ambao shirika la Colobus Conservation limewafungia ngazi za kamba juu ya barabara, ndio walaji wa majani wasio na haja ya chakula cha binadamu. Mapambo yatolewe nje giza likishaingia.

Mshumaa nao huharakisha uharibifu, maana hulipika boga kwa ndani. Taa ndogo ya betri haina moto, na chini ya makuti hilo si suala la urembo bali la usalama. Paa la makuti halisubiri cheche ya pili.

Anayetaka taa ya kudumu aachane na boga, ashike kibuyu. Kibuyu ni tunda la mmumunye, Lagenaria siceraria, mzaliwa wa Afrika, na pwani hii imekitumia kwa maji, kwa dawa za waganga, na kwa mboko wa kunywea mnazi kwa mrija. Wakamba waliohamia Shimba Hills wametoka katika jamii yenye utaalamu wake wa kuchora vibuyu. Huko Kitui kikundi cha kina mama cha Kyanika kilikusanya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, aina za vibuyu pamoja na maarifa ya wazee, kikifanya kazi na mtafiti Yasuyuki Morimoto. Kwa mkono wa zamani mistari huchorwa kwa ncha ya chuma, mara nyingi iliyotiwa moto, kisha masizi na mafuta husuguliwa mpaka rangi ishike. Waturuki wa leo wameongeza jambo moja: hutoboa mamia ya vitundu vya ukubwa tofauti kwa drili ndogo, wakaweka balbu ndani, na ukuta mzima ukajaa nyota. Ganda la kibuyu kikavu ni jembamba na gumu kama mbao, kwa hiyo tundu lake ni safi na mwanga hutoka kila upande, jambo ambalo boga nene haliwezi. Kwa kuwa ni kikavu, mshumaa ni marufuku kabisa.

Kifuu cha nazi kiko kati ya hivyo viwili. Ni cha bure, hakiozi, na kimezaliwa na macho matatu. Msumeno wa chuma na tupa vyatosha, ingawa nafasi yake ni ndogo na nakshi ndefu haikai.

Hukumu basi ni hii. Kwa usiku mmoja, boga la Kombani hushinda, mradi lichongwe kwa viwango vitatu na lisilazimishwe kuwa la Marekani. Kwa biashara ya kudumu kando ya barabara ya Diani, kibuyu ndicho chenye faida, na anayekitaka ajipange mapema: mbegu za mmumunye zikienda ardhini masika ya Aprili, tunda hukomaa baada ya miezi minne au mitano na huhitaji miezi kadhaa mingine kukauka mpaka mbegu zilie ndani. Kibuyu cha Halloween hii kilipaswa kupandwa mwaka jana.