Siku, si Paneli: Hesabu Iliyoijenga Off Grid Electric Arusha

Mwaka 2011 Xavier Helgesen na Erica Mackey, waliokutana wakisoma biashara Oxford, walishirikiana na Joshua Pierce kuanzisha kampuni ya Off Grid Electric. Makao wakayaweka Arusha, na bidhaa yao Watanzania wakaijua kwa jina la M-POWER. Wengi waliiona kama kampuni ya sola. Mimi naihesabu miongoni mwa kampuni za programu zilizofika mbali zaidi kutoka jiji hili, na nitaeleza kwa nini.

Familia iliyo nyuma ya Mlima Meru, tuseme Oldonyo Sambu, ilikuwa ikinunua mafuta ya taa kwa kipimo kidogo kidogo. Hela ya leo ilikuwepo, ya paneli nzima haikuwepo. Kampuni ikafunga paneli, betri na taa kwenye nyumba, kisha ikauza siku za mwanga. Kwa uamuzi huo ilijitwisha wadaiwa wengi, kila mmoja akidaiwa kiasi kidogo, wametawanyika mahali ambapo nauli ya kumfuata mtu mmoja ingezidi deni lake. Paneli yeyote angeweza kuiagiza. Kazi ngumu ilikuwa kujua kila saa nani amelipa, amelipia siku ngapi, na taa yake izimike lini.

Njia ilikuwa imeshatengenezwa na kampuni za simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na Tigo Pesa na Airtel Money nazo zikapata watumiaji wengi. Mteja analipa kwa simu, taarifa ya malipo inafika kwenye seva ya kampuni, seva inatafuta kifaa chake, inakokotoa namba maalumu na kumtumia kwa ujumbe mfupi. Anaibonyeza kwenye kifaa, taa zinawaka.

Uzuri wa mbinu hii ni kwamba kifaa hakihitaji mtandao hata kidogo. Katika mifumo ya aina hii, kila kifaa hutoka kiwandani na ufunguo wake wa siri, na seva ina nakala ya ufunguo huo. Namba anayotumiwa mteja hufungwa kwa ufunguo huo pamoja na idadi ya siku na hesabu ya mfuatano, ili isitumike mara mbili wala kufanya kazi kwa jirani. Mtumiaji wa umeme wa LUKU ameizoea kanuni hii, maana tarakimu 20 anazoingiza kwenye mita zimejengwa kwa mantiki inayofanana.

M-KOPA ya Kenya, iliyoanza kuuza mwaka 2012, ilichagua njia nyingine: kuweka laini ya simu ndani ya kifaa. Hapo kampuni hupata macho. Inaona betri inayochoka na paneli iliyofunikwa na vumbi kabla mteja hajalalamika. Lakini laini ina gharama yake na inataka mtandao. Kwa maboma ya Longido ya miaka ile, naona namba ya kubonyeza ilikuwa chaguo sahihi la kuanzia. Ila kampuni isiyoona kifaa inategemea sikio, kwa hiyo kituo cha kupokea simu za wateja kinakuwa sehemu ya mtambo wenyewe. Kila simu ya “nimelipa na taa haiwaki” ni kipimo cha afya ya mfumo, na mhandisi anapaswa kuisoma kama anavyosoma kumbukumbu za seva.

Maamuzi ya namna hii huishi muda mrefu kuliko walioyafanya. Mwaka 2024 TANESCO iliwataka wateja wa LUKU waingize namba za ziada ili kuboresha mita zao kabla ya Novemba 24. Sababu ilikuwa ya kihesabu tu. Kiwango cha kimataifa kinachotumiwa na mita hizo huhesabu dakika tangu Januari 1, 1993, ndani ya nafasi ya biti 24. Nafasi hiyo hubeba dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32, kisha hujaa. Mtu aliyechagua biti 24 aliokoa nafasi ndogo, na miongo mitatu baadaye nchi nyingi zikalazimika kugusa mita moja moja.

Fedha zilifuata. SolarCity ya Marekani iliwekeza kwa Off Grid Electric mwaka 2014. Mwaka 2016 kampuni ilipata Tuzo ya Zayed ya Nishati ya Baadaye katika kundi la biashara ndogo na za kati. Ilishaanza kuvuka mipaka, ikafika Rwanda, Ivory Coast na Ghana. Mwaka 2018 ilitangaza mtaji mpya wa dola milioni 55 na kubadili jina kuwa Zola Electric.

Hapa ndipo uendeshaji unapokuwa mgumu kuliko programu. Kampuni ya kukopesha mwanga inanunua vifaa kwa dola leo na kukusanya shilingi kwa miaka. Mwaka 2015 pekee dola ilipanda kutoka takriban shilingi 1,700 hadi zaidi ya 2,100. Mteja anaweza kulipa kila siku bila kukosa, na kampuni bado ikaumia. Upande wa pili, Wakala wa Nishati Vijijini alikuwa akisogeza nguzo, na ada ya kuunganishiwa umeme vijijini ikashuka hadi shilingi 27,000. Taa tatu zilizokuwa neema mwaka 2012 zikaanza kupimwa na mtu anayetaka televisheni na jokofu. Zola ikalazimika kuelekea mifumo mikubwa zaidi, na nadhani haikuwa na njia nyingine.

Kwa wahitimu wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, wa Chuo cha Ufundi Arusha, na wote wanaofungua kampuni za programu Njiro na Sakina, nina ombi moja. Kabla ya kuchora ukurasa wa kwanza wa programu yenu, jengeni daftari la malipo linalohimili ujumbe uliochelewa, namba iliyokosewa na muamala uliofika mara mbili. Mpeni mtu mmoja jukumu la kulilinganisha na taarifa za kampuni za simu kila siku, na mkurugenzi alisome mwenyewe. Na vifaa vikinunuliwa kwa dola, mkopo utafuteni kwa shilingi, hata kama riba yake itaonekana kubwa.