Dawa mpya za skizofrenia: "ya kisasa" maana yake nini?

Huku Nyasubi neno "ya kisasa" linauza simu, pikipiki, na hata dawa. Kwa dawa za skizofrenia, tusikubali haraka hivyo.

Utafiti unaotajwa sana ni CATIE wa Marekani, uliotoa matokeo mwaka 2005. Wagonjwa karibu 1,500 walifuatiliwa hadi miezi 18. Perfenazini, dawa ya miaka ya 1950, ilipambanishwa na mpya nne. Asilimia 74 ya wagonjwa wote waliacha dawa waliyoanza nayo. Waliotumia olanzapini walivumilia zaidi kidogo: walioacha ni asilimia 64, wakati wa perfenazini ni 75. Zile mpya nyingine tatu? Hazikuizidi perfenazini kwa maana.

Nguvu ya CATIE iko kwenye mpinzani iliyemchagua. Majaribio mengi ya kabla yake yalilinganisha dawa mpya na haloperidoli ya dozi kubwa, mgonjwa akakakamaa shingo na kutetemeka mikono, halafu dawa mpya ikatangazwa mshindi. Huko ni kushindana mbio na mtu aliyebebeshwa kiroba cha mawe!

Ila wanaosema CATIE ilisafisha jina la dawa za zamani nao wamezidisha. Wagonjwa ambao midomo na ulimi vilishaanza kujichezesha vyenyewe kwa sababu ya dawa hawakupangiwa perfenazini. Na madhara hayo huja polepole, mara nyingi baada ya miaka, kwa hiyo miezi 18 ni michache mno kuyaona. Olanzapini nayo ina deni lake: watumiaji waliongezeka karibu kilo moja kila mwezi, sukari na mafuta kwenye damu vikapanda. Kuiandika mahali ambapo hakuna anayempima mgonjwa uzito wala sukari, mimi naona ni kuhamisha tatizo tu.

Kwetu kuna jambo jingine. Mchimbaji mdogo akisikia kuna rashi Geita, anafunga mizigo kesho yake, na vidonge vya kila siku vinakatika njiani. Sindano ya flufenazini, dawa ya zamani kabisa, hukaa mwilini wiki kadhaa. Hatua ya kwanza ya CATIE, ile inayonukuliwa kila mahali, ililinganisha vidonge tu.