Mary Rose: Meli ya Mfalme au ya Mabaharia?

Wasomaji wetu wa Uingereza wanaotafuta pa kuwapeleka watoto wakati wa likizo, tunawashauri wafunge safari hadi bandari ya Portsmouth wakaitazame Mary Rose. Manowari hii ya Mfalme Henry wa Nane ilizama tarehe 19 Julai 1545 katika vita na Wafaransa. Iliinuliwa tarehe 11 Oktoba 1982, na makumbusho yake ya sasa yalifunguliwa mwaka 2013.

Sisi wahandisi tulitazamia kuvutiwa zaidi na mbao. Ni kweli, kuzuia mbao zilizolala baharini miaka 437 zisipasuke si kazi ya mchezo: zilinyunyiziwa maji, kisha nta, kwa takriban miaka 30. Lakini sifa kubwa tunampa yule aliyeamua kuvipanga vitu kwa wenyewe. Upande mmoja yamesimama mataruma ya meli. Upande wa pili vitu vimewekwa kama vilivyokuwa ndani yake. Hapo unakutana na randa za seremala, sanduku la tabibu na bakuli la mpishi. Mgeni anajulishwa watu kabla ya vita.

Kasoro ni kwamba jina linalovuta wageni bado ni la mfalme, na wengi wakisimulia uokoaji wa meli hii huanza na winchi ya 1982. Kumbe mwaka 1547 Piero Paolo Corsi, Mwitaliano wa Venice, alikwisha kupewa kazi ya kuitoa mizinga yake. Mkuu wa wazamiaji wake alikuwa Jacques Francis, kijana wa Kiafrika kutoka Guinea. Corsi aliposhtakiwa kwa wizi wa bati la chombo kingine, Francis alitoa ushahidi, mwaka 1548, katika mahakama ya mambo ya bahari kupitia mkalimani. Wapinzani walidai kuwa ni mtumwa na kafiri, hafai kusadikiwa. Hata hivyo maneno yake yaliandikwa, na maandishi hayo yapo hadi leo.

Wahenga walisema, chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Hapa nyenzo ya kwanza ilikuwa pumzi ya mzamiaji. Watoto wetu wanaosoma shule za huku hawahitaji kutungiwa historia ya kuwafariji, iliyopo inatosha. Tunachotaka ni kwamba habari za Francis zisiachiwe wataalamu peke yao, bali zisimuliwe mwanzoni, kabla winchi haijatajwa.