Jabali la Kolo kwenye karatasi ya kiganja

Anayetaka kupamba kuta za nyumba ya mwanasesere kwa michoro ya miambani ya Kondoa hudhani ugumu wote uko mkononi: apate brashi nyembamba, penseli kali na macho mazuri, kisha apunguze kila kitu kwa kiwango kimoja mpaka kienee kwenye karatasi ya upana wa kiganja. Mkono ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni kuamua kipi kiachwe, kwa sababu mchoro uliopunguzwa hauwezi kubeba yote yaliyo jabalini, na mchoraji asiyeamua mapema ataamuliwa na karatasi yenyewe: rangi zitaungana, mistari itafutika, na kitakachobaki hakitakuwa chaguo la mtu yeyote.

Ushahidi wa hili tunao hapahapa nyanda za kati za Tanzania. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyeiona michoro ya Kondoa mara ya kwanza mwaka 1935, alirudi huko mwaka 1951 kuinakili. Yeye na wenzake walikagua maeneo 186, wakaona 43 tu ndiyo yenye michoro iliyosalia vizuri kiasi cha kunakilika, na humo wakanakili maumbo yapatayo 1,600. Walitandaza karatasi angavu juu ya mwamba, wakafuata kingo za kila umbo, na baadaye michoro hiyo ikachorwa upya na kutiwa rangi. Kitabu chenye nakala hizo, Africa's Vanishing Art, kilitoka mwaka 1983, miaka 32 baada ya kazi ya msimu ule. Tuzitazame hizo namba mbili, 186 na 43. Maeneo zaidi ya matatu kati ya kila manne yaliachwa kabla penseli haijagusa chochote. Hatua ya kwanza ya kunakili, basi, ilikuwa kuacha. Na ya pili vilevile, maana uso wa jabali hauna michoro peke yake. Una nyufa, madoa ya kuvu, michirizi ya maji ya mvua, mwamba uliobanduka, na michoro iliyochorwa juu ya michoro. Aliyeshika penseli ilimbidi aseme, sentimita kwa sentimita, hii ni rangi na hili ni doa.

Mwenye nyumba ya mwanasesere anaingia kwenye uamuzi huohuo, ila kwake hesabu ni kali zaidi. Skeli iliyozoeleka kwa nyumba hizo ni 1:12, na ndiyo iliyotumika kwenye nyumba maarufu kuliko zote, ile aliyoisanifu Edwin Lutyens kwa ajili ya Malkia Mary wa Uingereza na kukamilika mwaka 1924. Tuchukue umbo la mtu lenye urefu wa sentimita 36 mwambani, mistari yake ikiwa na unene wa milimita 2 na nafasi ya milimita 1 katikati. Kwa 1:12 mtu huyo anakuwa sentimita 3, mstari unakuwa milimita 0.17, na nafasi inabaki milimita 0.08. Mstari wa 0.17 mkono uliozoea unauweza. Nafasi ya 0.08 haiwezekani, si kwa sababu ya mkono bali kwa sababu ya jicho: kwa mtazamaji aliye umbali wa sentimita 30, vitu viwili vilivyokaribiana chini ya kama milimita 0.1 huonekana kitu kimoja. Mistari kumi ya nywele au manyoya kichwani mwa mtu aliyechorwa Kolo, huko Kondoa, inageuka doa la waridi. Wengi hununua brashi nyembamba zaidi, na doa linabaki palepale, kwa kuwa kilichokosekana ni nafasi.

Tena hapo tumekuwa wakarimu. Ukutani sebuleni hakuna anayetundika jabali. Hutundikwa picha ya jabali, ambayo imekwisha kupunguzwa. Kama picha hiyo ni robo ya ukubwa halisi, basi nakala yake ndani ya nyumba ya mwanasesere ni moja ya kumi na mbili ya robo, yaani 1:48. Mstari wa milimita 2 sasa ni milimita 0.04, mwembamba kuliko unywele. Hapa kupunguza kila kitu sawasawa hakuna maana tena. Mchoraji ama atachagua kipande kidogo cha jabali, twiga mmoja badala ya kundi, akichore kwa skeli inayovumilika. Ama atabaki na kundi zima lakini apunguze idadi ya mistari, kumi iwe minne, ili nafasi zionekane. Njia zote mbili ni halali. Hazifanani, hata hivyo. Ya kwanza inaacha sehemu ya jabali lakini inasema kweli kuhusu kile inachoonyesha. Ya pili inaonyesha yote na kubadilisha hesabu. Mimi ningechukua ya kwanza, karibu kila mara.

Sababu yake inaonekana kwenye mchoro mmoja wa Kolo unaojulikana sana. Watu watano warefu na wembamba wamesimama, wa katikati akiwa ameshikwa mikono pande zote mbili. Leakey aliona humo jaribio la kumteka mwanamke, na baadhi ya washiriki aliwaona wamevaa vinyago. Watafiti waliokuja baadaye waliona jambo jingine kabisa: ngoma na watu waliopandisha, wakilinganisha na ngoma za Wasandawe ambao bado wanaishi nyanda hizihizi, upande wa Chemba. Ubishi huo wote unategemea maumbo ya vichwa na mikono inavyoshikana, vitu vyenye upana wa sentimita chache. Mchoraji wa 1:48 atakayelainisha vichwa ili picha ipendeze atakuwa ameshaumaliza mjadala bila kujua kwamba upo. Picha yake itaonyesha watu watano wanaocheza kwa furaha, na mtoto atakayeitazama hatakuwa na njia ya kuuliza swali ambalo jabali linaliuliza.

Rangi ina mtego wake. Wekundu wa Kondoa ni oksaidi ya chuma, jamaa ya wekundu wa udongo unaoonekana njia nzima kutoka Dodoma kwenda Kondoa, na haufifii kwa jua. Anayetaka kuutumia kwenye karatasi anaweza kusaga udongo mwekundu, kuuchuja kwa maji mara kadhaa mpaka zibaki chembe laini, kisha kuuchanganya na gundi ya mgunga iliyoyeyushwa, ambayo ndiyo gundi ya asili ya rangi za maji duniani kote. Akiupaka moja kwa moja kwenye manila nyeupe atashangaa: rangi inaonekana nzito, inaelekea weusi. Udongo haukukosewa. Mwambani wekundu ule umekaa juu ya mwamba wa kijivu na kahawia, na jicho hupima rangi kwa jirani yake. Hivyo karatasi ipakwe kwanza rangi ya jiwe, nyepesi, isiyolingana kila mahali, iachwe ikauke ikiwa imebandikwa kingo zote kwenye plaiwudi ili isijikunje, ndipo wekundu uje.

Weupe ni shida kubwa zaidi. Michoro myeupe ya Kondoa kwa kawaida iko juu ya myekundu, mistari yake ni minene, mingi inaonekana kupakwa kwa kidole, na huhusishwa na jamii za wakulima waliokuja baada ya wawindaji. Mwenye kuiga kwa udongo mweupe, kaolini kama ile ya Pugu, atapaka na kuona rangi inapotea mbele ya macho yake, kisha inarudi ikikauka. Kaolini ikilowa huwa angavu. Na gundi ikizidi hairudi kabisa, kwa sababu gundi inajaza nafasi za hewa kati ya chembe, na ni hewa hiyo inayoufanya udongo uonekane mweupe. Dawa ni gundi kidogo sana, au kuacha uasili na kutumia rangi nyeupe ya dukani yenye titani, inayofunika ikiwa mbichi na ikiwa kavu.

Wengi hukwepa tabu hiyo kwa kuuacha weupe. Husema unachafua, myekundu ndiyo mizuri. Kwa pambo hilo linaeleweka, lakini lisichukuliwe kuwa jambo la urembo tu. Kuondoa tabaka la juu ni kulirudisha jabali nyuma, kwenye wakati ambao wakulima walikuwa hawajafika. Hiyo ni kauli ya kihistoria iliyosemwa kwa brashi, na anayeitoa awe anajua kwamba ameitoa.

Kuna watakaosema kamera imeshamaliza yote haya: piga picha, ichapishe ndogo, bandika. Kamera kweli ina faida moja kubwa ambayo watu wa 1951 hawakuwa nayo, kwamba haigusi mwamba. Kompyuta nazo zimesaidia kuona kisichoonekana, kama ilivyokuwa kwa Amak'hee 4, eneo lililobainika mwaka 2018 ndani ya pori la akiba la Swaga Swaga na kuchapishwa katika jarida la Antiquity mwaka 2021. Lakini kamera haijui doa ni lipi na rangi ni ipi. Inavipunguza vyote pamoja, kivuli cha mti kikiwa na haki sawa na pembe ya pofu. Kwenye picha ya ukubwa wa stempu, michirizi ya mvua ndiyo inayoshinda. Picha ya kamera itumike kama kiongozi wa miraba ya penseli, si kama pambo.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima. Eneo la michoro ya Kondoa, lenye kilomita za mraba 2,336, liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na si kwa michoro pekee. Sababu mojawapo ni kwamba wenyeji bado wanafanya matambiko humo. Mungumi wa Kolo kwa Warangi ni mahali pa kuombea mvua na kuponya wagonjwa. Je, inafaa kupageuza pambo la mwanasesere? Kwa wanyama, pofu na twiga na tembo, sioni ubaya. Wameshachapwa vitabuni mara nyingi na hawana siri. Kwa maumbo yanayofungamana na tambiko, jibu liko kwa wenye tambiko, na asiyeweza kuwauliza achore twiga. Atakuwa amepunguza tena, safari hii kwa sababu isiyo ya kipimo.

Ombi langu kwa walimu na mafundi wanaotengeneza mapambo haya ni dogo. Nyuma ya kila karatasi andikeni kwa penseli, maana wino hupenya: jina la jabali, skeli, rangi mliyotumia, na kile mlichokiacha.