Shefu Bandi Hafi Hivyo

Dracula anauvua mwili wa kuhani Kah, anajionyesha alivyo, na muda si muda mkuki umeshamwingia. Anageuka vumbi, filamu imekwisha. Nimeirudia sehemu hiyo polepole, nikitafuta sababu ya kumsamehe aliyeamua iwe hivyo, na sijaiona. Filamu ya karate ya dakika 89 imemalizwa bila karate.

Nazungumzia The Legend of the 7 Golden Vampires, ile ya 1974 ambayo Hammer wa Uingereza na Shaw Brothers wa Hong Kong waliitengeneza pamoja. Mmeshaiona, kwa hiyo sitasimulia. Barua na mabishano niliyoyapata kuihusu yanahusu zaidi vinyago vya dhahabu vya wale wanyonya damu: wapo wanaovicheka, wapo vilivyowatisha. Vinyago si tatizo. Pesa zilikuwa chache, wakabandika walichokuwa nacho, na gizani vinatosha. Tatizo ni pigano la mwisho.

Tulitazame kama mpangaji wa mapigano angelitazama. Tangu utangulizi wa 1804, Dracula amejificha ndani ya Kah, na Kah ni Chan Shen, mzee wa kazi pale Shaw, mtu aliyezoea kucheza mwovu. Filamu nzima tumemwona na huo uso, tukimsubiri apigane. Saa imefika. Profesa Van Helsing anamwambia ajidhihirishe, naye anakubali! Shefu bandi gani huyo anayepokea amri ya adui yake, tena amri ya kutoka kwenye mwili unaojua kupigana na kuingia kwenye mwili usiojua? Anayetokea ni John Forbes-Robertson, poda imemjaa usoni, na hata sauti si yake. Ni ya David de Keyser, imepachikwa baadaye. Mbele yake, kama Van Helsing, yupo Peter Cushing, mzaliwa wa 1913, ambaye filamu ilipopigwa mwishoni mwa 1973 alikuwa na miaka 60. Mabwana wawili wa jukwaani wamekabidhiwa hitimisho la filamu ya ngumi na mateke.

Pigano la mwisho lina ngazi zake, na kila anayeketi kwenye benchi la sinema anazijua hata kama hajawahi kuzitaja. Akteri, yaani shujaa, anaanza kwa kupigwa. Anaanguka mara moja, mara mbili, tunadhani amekwisha. Kisha anagundua kitu: goti bovu la adui, kivuli, sauti, chochote. Anageuza. Adui naye anapata nafasi moja ya mwisho, ya hila, ndipo anamalizwa. Hapa ngazi zote zimerukwa. Dracula hatishii kushinda hata dakika moja. Hakuna kilichogunduliwa, hakuna kilichogeuzwa. Yule aliyetisha vizazi kwa miaka 100 anasukumana kidogo na profesa, basi. Ni kutwanga sombe asubuhi nzima halafu kumpa mgeni chai.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mtu wa kulipigana pigano hilo alikuwepo. Mai Kwei, dada wa wapiganaji! Anachezwa na Shih Szu, ambaye Shaw walimlea wakitaka achukue kiti cha Cheng Pei-pei, na wakati huo Mai Kwei yu hai. Hebu hesabuni deni. Kijiji ni cha babu yake. Aliyeinyakua medali ya dhahabu ya mnyonya damu na kulipia kwa uhai wake ni babu yake. Kaka zake wanakufa mbele ya macho yake. Hsi Ching, akteri mwenyewe, David Chiang, anang'atwa na Vanessa, aliyekwisha kugeuka mnyonya damu, na kuamua kujitosa naye kwenye mti uliochongwa. Kumuua akteri kabla ya mwisho ni uamuzi wa kijasiri na ninaupongeza, kwa sababu unamwachia dada kisasi chote. Halafu dada anafanywaje? Anabebwa kama furushi hadi hekaluni, anaokolewa, anawekwa pembeni ili mzungu mzee amalize kazi. Nimeandika mara nyingi kuhusu wanawake wanaofunzwa upanga filamu nzima na kunyang'anywa dakika ya mwisho, na nitaendelea kuandika.

Watetezi wa filamu wana hoja mbili. Ya kwanza ni umri wa Cushing. Hiyo naikataa kwa jina moja: Shih Kien. Yule Bwana Han wa Enter the Dragon naye alizaliwa 1913, na filamu ile ilitoka 1973, mwaka mmoja kabla ya hii. Miaka 60 kwa miaka 60. Waliomzunguka Shih Kien walifanya nini? Walimpa mkono wa chuma wenye makucha, wakamwingiza kwenye chumba cha vioo, wakamfanya Bruce Lee asijue apige wapi. Ujuzi wa mzee ukahamia kwenye chumba. Na mwishoni, nani anamchoma Han? Mkuki. Mkuki uleule! Ila ule ulionekana mapema ukipenya mlango wa kioo, ukabaki pale ukingoja, na Han akarushwa juu yake baada ya Bruce Lee kuvunja vioo kimoja kimoja. Mkuki wa Van Helsing unaokotwa tu.

Hoja ya pili ni desturi: Van Helsing ndiye humuua Dracula. Sawa, lakini basi tumshindanishe Cushing na Cushing. Mwaka 1958, kwenye Dracula ya mwongozaji Terence Fisher, mwigizaji huyuhuyu alikimbia juu ya meza ndefu, akaruka na kuling'oa pazia, jua likaingia, akakamata vinara viwili vya mishumaa akavipishanisha kuwa msalaba. Hakurusha teke hata moja, na hadi leo unashika pumzi. Meza, pazia, vinara. Vitu vya nyumbani tu. Hekalu la Kah lina meza za kufungia watu na chungu kikubwa cha damu inayochemka katikati. Kwa Lau Kar-leung, mpangaji wa mapigano ya filamu hii, hiyo ni karamu. Dracula anakufa navyo vimesimama pembeni kama fanicha ya kukodi. Naye Christopher Lee, Dracula wa 1958, aliikataa kazi hii ya 1974. Kila nikiutazama mwisho huu namwelewa.

Mapigano mengine, la pangoni hasa, Lau Kar-leung na Tang Chia wameyapanga vizuri na hayana haja ya maelezo.

Kwetu Kongo mashariki jambo hili lina uzito wake. Mtu wa Mubi au Njingala aliyebeba gunia la mawe kwa miguu kutoka machimbo ya Bisie, akalipa aingie mahali ambapo grupe ya umeme inanguruma nyuma ya ukuta kuliko sauti ya filamu, hakuja kutazama Transylvania. Alikuja kwa ajili ya pigano la mwisho. Ndiyo maana mwisho huu ukitokea utasikia benchi zikilalamika, na watazamaji wa Masisi ni wabaya zaidi kwa hilo, watadai waonyeshwe nyingine palepale. Wana haki. Watazamaji hawa hawamung'unyi maneno na hawasomi majina ya waongozaji, lakini wanajua pigano lililoibiwa.

Hata mtafsiri hawezi kuliokoa. Mnajua kazi ya Lufufu wa Dar es Salaam, au DJ Afro wa Kenya: anapewa filamu iliyolegea, anaikaza kwa mdomo wake. Lakini anahitaji nafasi. Akteri akizunguka na adui, akipangusa damu, akivua shati, hapo DJ anapata pa kupenyeza matusi, methali na historia ya ukoo wa shefu bandi. Dracula huyu anakufa kabla DJ hajamaliza kumsalimia.

Waliokuja baadaye waliona kosa. Mwaka 1985 Ricky Lau alitoa Mr. Vampire, nayo ikampa nafasi kuu Lam Ching-ying, mtu aliyefanya kazi ya mapigano pembeni ya Bruce Lee mwenyewe. Pale mfu anarukaruka kwa sababu amekakamaa; anakutafuta kwa pumzi, kwa hiyo ukiishika pumzi unapona; karatasi ya uganga kwenye paji la uso inamsimamisha; mchele wa kunata unamuunguza. Kila kanuni ni teke jipya. Kanuni ikivunjika, mfu anasonga mbele. Hivyo ndivyo mnyonya damu anavyotisha, na wazee wetu walijua hilo bila sinema: mumiani wa pwani na batumbula wa Katanga hawakuwa na meno marefu wala jumba la mawe, lakini hakuna aliyewahi kusimuliwa kuwa alimalizwa kwa kuchomwa mara moja na mwalimu.

Na msinitajie pesa. Mwongozaji Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alipiga Who Killed Captain Alex? kwa kiasi ambacho yeye mwenyewe anasema hakikufika dola 200, damu ikiwa rangi nyekundu ndani ya kondomu. Swali la jina la filamu halijibiwi ndani yake! Lakini mpiganaji wake, Bruce U, alipewa pa kupigana.

Niongeze kinyongo kimoja. Mkiona toleo linaloitwa The 7 Brothers Meet Dracula, liacheni. Ndilo Wamarekani walilolikata hadi kama dakika 75 na kulichanganya mpangilio, na bado linazunguka kwenye diski za filamu kumi kwa moja, jina zuri juu ya mzoga.

Marekebisho yalikuwa mepesi. Dracula abaki ndani ya Kah. Mai Kwei ajifungue mwenyewe. Wapigane kuizunguka ile meza ya kwanza, ya pili, ya tatu, Chan Shen akiwa juu na yeye chini, hadi medali ya babu iingie mkononi mwake na kumuunguza Dracula mpaka autapike mwili alioiba. Hapo ndipo Forbes-Robertson atokee, akiwa amejeruhiwa, na Cushing apewe mkuki wake, sekunde zilezile, pembe ileile ya kamera. Shih Szu alikuwa palepale studioni, ameshavaa.