Muhtasari si Uhakiki: Mfano wa Kusadikika

Kila tunaposahihisha insha za wanafunzi wetu juu ya Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951, tunakutana na aina mbili za kazi. Ya kwanza husimulia safari za wajumbe sita tangu mwanzo hadi mwisho. Ya pili hutangaza kwamba Kusadikika ni Tanganyika chini ya Waingereza, kisha hunyamaza. Moja inakirudia kitabu, nyingine inakiacha, hakuna iliyokihakiki.

Uhakiki huanza na swali linalozushwa na kitabu chenyewe. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa sababu ya kufundisha elimu ya sheria. Mbona, badala ya kujitetea mwenyewe, anasimulia habari za watu wengine? Tena, kwa nini wajumbe sita, ikiwa mmoja angetosha? Dai letu ni hili: marudio hayo ndiyo hoja. Kila mjumbe anakwenda kwa ajili ya nchi, anarudi na manufaa, anatupwa gerezani. Mmoja angedhaniwa kuwa ajali. Sita ni desturi ya utawala. Hivyo mshtakiwa anageuka mshtaki, na baraza ndilo linalosimama kizimbani.

Dai la namna hiyo halina budi kukabiliana na yale yanayolipinga. Watawala wa Kusadikika si wageni, ni wenyeji. Basi anayesema "ukoloni" na atoe jibu. Je, fumbo lilikuwa ngao ya mwandishi, au alilenga kila serikali inayoogopa sheria? Mwanafunzi achague, akituonyesha mahali hasa katika matini panapomruhusu kusema hivyo.

Kosa si la wanafunzi peke yao. Mimi mwenyewe, niliyesomea isimu, kwa muda mrefu nilihesabu makosa ya upatanisho wa ngeli, nikaziacha hoja zipite bila kuulizwa. Kwa njia hiyo niliwafunza kwamba kwa Kifaransa mtu hufikiri, na kwa Kiswahili mtu husahihishwa. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa letu. Haistahili kuwa lugha ya kusimulia tu.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wenzetu jambo dogo: kabla ya kuandika insha, kila mwanafunzi alete sentensi moja ambayo mwenzake anaweza kuikataa. Asiyeweza kupingwa bado hajasema neno.